Utepe Uliokuwa Unakusubiri

Dada Mwanaidi,

Shikamoo.

Nimeandika neno hilo nikaweka kalamu chini kidogo, kama mjinga. Ni mazoea tu. Muda wote tuliofanya kazi pamoja hukuniruhusu kufungua kompyuta kabla sijakuamkia na wewe kuitika, na kuitika kwenyewe kulikuwa na swali ndani yake: "Marahaba, mdogo wangu, umekula?" Basi nimekula. Viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa. Chumvi imezidi, maana aliyepika ni mimi.

Nipo kwenye chumba chetu, hapa juu ya duka la pembejeo, Lushoto mjini. Harufu ya mbolea bado inapanda ngazi bila kualikwa. Kiti chako kipo. Mwanzoni nilimkataza kila mtu asikikalie, hata fundi umeme aliyekuja kurekebisha taa nilimpa ndoo akaikalia. Halafu nikaona huo ni utoto, nikakikalia mwenyewe, kwa sababu changu kina mguu mbovu na wewe ulikuwa unalijua hilo na hukuwahi kujitolea tubadilishane. Sasa tumebadilishana.

Nina habari ya kukupa, nami nataka uipate kwangu kabla hujaipata kwa mtu mwingine huko uliko. Nikieleza mambo unayoyajua kuliko mimi, nivumilie. Naandika ili na mimi niyaone yamekaa sawa.

Zamu ilisimama, Dada. Ile Zamu yako, programu ya kugawa maji ya bwawa la juu kule kwenu Mlola. Ilisimama siku ileile uliyoondoka, ila hatukujua. Nani angejua? Watu walikuwa msibani. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba yenu na akina mama, namenya ndizi, nikiwasikia wanaume wakiondoka na jeneza. Sisi wanawake tulibaki. Kwetu Walutheri ningekwenda mpaka kaburini nikarusha udongo wangu, na nilitaka sana kuurusha. Nikamenya ndizi kwa hasira mpaka shangazi yako akaninyang'anya kisu, akasema nabakiza ndizi kwenye maganda.

Moyo wako ulikuwa unakusumbua tangu utotoni, hilo ulituambia wote. Hukutuambia kwamba ulikuwa hautanii.

Matanga yakaisha, watu wakarudi mashambani, na kiangazi kilikuwa kimeshakaza. Hapo ndipo waliposhangaa kwamba hakuna anayepata meseji. Unakumbuka tulivyoipanga: zamu ya nyumba ikifika, Zamu inatuma, "Maji yako yamefika, jibu NDIYO ukiwa tayari," mtu anajibu, mlinzi wa bwawa anapata ujumbe afungue mlango wa mfereji ule. Akimaliza anajibu tena, na maji yanahamia kwa jirani wa chini. Mifereji yote inaendelea kwa wakati mmoja, kila mmoja na mwendo wake. Basi kimya. Hakuna meseji mfereji wa juu, hakuna mfereji wa kati, hakuna mfereji wa chini. Watu wakaanza kufungua milango kwa mikono, na unajua kufungua kwa mikono kunaleta nini. Wa juu wakashiba, wa chini wakapata tope. Kabichi za bondeni zikaanza kulegea majani. Watu wawili walishikana mashati pale bwawani, tena ni watu waliobeba jeneza lako pamoja.

Mzee Kaniki, mwenyekiti wa kamati ya maji, akanipigia simu. Unamjua anavyoongea, kila neno analitoa kama analing'oa shambani. Akasema kamati itakaa Ijumaa baada ya sala, na ajenda ni moja, kuiondoa Zamu na kurudi kwenye utaratibu wa zamani. Utaratibu gani wa zamani? Ule wa mwenye sauti kubwa. Halafu akaongeza, wala hakuwa na nia mbaya, ndiyo maana iliniuma zaidi: "Mwanangu Janeth, tusijichoshe. Ile programu imekufa na mwenyewe."

Dada, nilikata simu. Ndiyo, nilimkatia simu Mzee Kaniki, na nitakwenda kumwomba radhi. Lakini nilizunguka chumba hiki nikiongea peke yangu. Imekufa na mwenyewe! Kitu ulichokijenga ukipanda na kushuka vile vilima na moyo mbovu, ukakaa na kila nyumba ukiuliza zamu zao zilivyokuwa tangu enzi za babu zao, leo kiitwe kitu kilichokufa, na wewe uwe ndiye uliyekufa nacho. Niliapa. Nikasema Ijumaa haitanikuta sijui kilichotokea. Kama kosa ni letu, nitalisema. Lakini halitazikwa bila jina.

Nilianza kwa njia yangu, ile uliyokuwa unaicheka. Nikaketi na kumbukumbu za programu, mstari kwa mstari, kila kitu ilichofanya na saa iliyokifanya. Unajua napenda maandishi. Lakini Zamu haifanyi jambo moja likaisha ndipo lije jingine. Inamuuliza huyu, na wakati inasubiri jibu lake inakwenda kumuuliza yule, inarudi, inatoka tena. Kwa hiyo mistari yake inachanganyika kama maneno ya gulio la Mlola: kila mtu anasema kweli, ila huwezi kujua nani anamjibu nani. Nilisoma mpaka macho yakawasha. Kosa, hakuna. Onyo, hakuna. Nikaizima, nikaiwasha. Ikaamka vizuri, ikapanga nyumba zake, ikatuma meseji moja, sikuangalia kwa nani, ikanyamaza tena. Moja tu! Kimya kingi kina mshindo, wanasema, lakini huu haukuwa na mshindo wowote. Wenye mshindo walikuwa kule bwawani.

Ndipo nikakumbuka Ramani.

Nilikutania sana na ile Ramani yako ya kuchora kazi za programu kwa rangi. Nilikuambia unapaka rangi kama mtoto wa chekechea wakati wenzako wanasoma. Wewe ulikuwa unavuta kiti karibu na kioo cha kompyuta, unakunja miguu kitini, na kusema, "Maandishi yanakuambia kilichofanyika, Jane. Hayakuambii nani kasimama mlangoni." Nilidhani unajisifu. Nikaifungua, nikaipa kumbukumbu zilezile zilizonitoa machozi, nikasubiri ichore.

Ulinifundisha kuisoma mara moja tu, na nikagundua kwamba nilikuwa nasikiliza. Kila kazi ni utepe. Unaanzia kushoto pale kazi inapozaliwa, unaishia kulia pale inapokwisha. Ikiwa inafanya kazi utepe ni kijani, ikiwa inasubiri ni kijivu. Na ukiugusa wa kijivu, mshale mwembamba unatoka kukuonyesha unasubiri utepe gani.

Picha ilipokamilika nilidhani kioo kimeharibika. Upande wa kushoto kulikuwa na kijani cha kawaida, vipande vifupivifupi, watu wakipata maji yao na kumaliza. Halafu ikaja ile siku yako. Kuanzia pale, kijivu. Utepe juu ya utepe, mfereji wa juu, wa kati, wa chini, zote kijivu mpaka ukingo wa kulia, kama ukungu wa Julai unavyofunga kwenu mtu asione hata zizi lake. Hakuna kilichokufa, Dada. Kilichokufa kingekatika. Hivi vyote vilikuwa hai. Vilikuwa vinasubiri.

Sasa nikajua kwa nini maandishi yaliniacha gizani. Anayesubiri haandiki anamsubiri nani.

Nikagusa wa kwanza, utepe wa jirani wa mfereji wa chini. Mshale ukaenda kwa baba yako mdogo. Nikagusa wa baba yako mdogo, mshale ukashuka. Nikagusa wa shangazi yako, wa binamu zako wa kule juu, ukoo wenu ulivyotapakaa kwenye mifereji yote mitatu, na kila mshale ulikuwa unakwenda upande uleule. Nikaacha kugusa, nikafuata kwa kidole juu ya kioo. Yote ilikuwa inaingia kwenye utepe mmoja, mwembamba, pale chini kabisa. Nikaugusa ule. Haukutoa mshale. Ulitoa maneno: *Kuomba neno la mfiwa mkuu. Nyumba ya Mama Mwanaidi.* Na namba ya simu.

Sikuhitaji kuimalizia ile namba. Ni ya kwanza niliyoikariri baada ya ya mama yangu.

Nyumba yenu ilikuwa ya watu wawili, wewe na mama, na mama hapendi simu, kwa hiyo uliandika namba yako. Ukafa, nyumba ikaandikwa msibani, na Zamu ikafanya kile ulichoifundisha. Ikaja kwa adabu mbele ya nyumba ya mfiwa, ikauliza kama jirani anaweza kutangulia kuchukua maji. Ikakuuliza wewe. Na tangu siku ile ilikuwa imesimama pale, na dunia nzima ya mifereji yenu imesimama nyuma yake, ikikusubiri useme ndiyo.

Nililia, sina la kuficha. Nililia kwa sauti mpaka mwenye duka chini akazima redio. Nilikuwa nimekuzika kwa kumenya ndizi, na sasa ndiyo nilikuwa nakuzika kweli, kwenye kiti chako, kidole kikiwa juu ya utepe wa kijivu. Halafu nikapenga kamasi, nikafungua mistari ya ile kanuni, nikaisoma.

Kanuni ya msiba. Unakumbuka siku tuliyoipeleka kwenye mkutano? Walitueleza kila kitu vizuri: nyumba ikifiwa haiendi shambani, na jirani anaweza kutangulia na maji yake, ila si kwa kujichukulia. Maji ya mfiwa hayachukuliwi bila neno lake. Na kama wafiwa ni ukoo mzima, basi mfiwa mkuu ndiye anayesema kwanza, wengine wanafuata. Tukaandika. Halafu wewe, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa, ukauliza swali la kifundi: tusubiri neno lake kwa muda gani? Ukumbi ulinuna wote. Mzee Kaniki alisimama kabisa. "Mfiwa anawekewa saa?" Akina mama wakacheka kile kicheko cha kukuonea aibu. Ukaketi, ukafuta kwa kifutio ulichokuwa umeandika, ukaninong'oneza, "Subira huvuta heri." Tukaandika isubiri bila kikomo.

Sidhani kama kuna mji mwingine ungefanya kosa hilo. Wengine wangesahau kuweka kikomo. Sisi tulikumbuka, tukaulizia, tukaonekana hatuna adabu. Na misiba iliyofuata haikutusuta, kwa sababu kila mara aliyekufa hakuwa mwenye simu, na mwenye simu alijibu.

Subira huvuta heri, sawa, lakini kabichi haijui methali. Nikapanda Mlola.

Sasa soma polepole hapa, Dada, kwa sababu hapa ndipo palikuwa pagumu.

Nilikuwa na mpango njiani, tena mpango rahisi. Simu yako lazima iko kwa mama. Nitaiomba, nitaiwasha, nitabonyeza NDIYO, na kabla sijamaliza chai maji yatakuwa bondeni. Nani atajua? Ijumaa nitasimama mbele ya kamati nikiwa nimenyoosha shingo.

Nilimkuta mama uani anapepeta maharage. Nikamwamkia, akaitika, tukaulizana habari za nyumbani, za kazi, za afya, zote, maana kwa mama huruki hata moja. Akanipa kigoda. Nikauliza kuhusu simu yako kwa kuzungukazunguka, kama mtu anayeulizia kuku wa jirani. Akaenda ndani akaileta. Dada, alikuwa ameifunga kwenye kanga yako ya kahawia, na ilikuwa na chaji. Imejaa. Kila siku anaichomeka kwenye ile sola uliyomfungia.

Akaniambia kwa Kishambaa, nami nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndivyo tulivyozoea: "Kila asubuhi inalia. Mara moja tu, halafu inanyamaza. Mimi siifungui. Nakaa naisikiliza. Nasema, mwanangu bado kuna watu wanaomtafuta."

Nikaifungua mbele yake. Namba ya siri ni ileile ya ofisini, mvivu wewe. Zilikuwa meseji zilezile, moja kwa kila asubuhi, zimejipanga chini mpaka nilichoka kuzishusha. *Pole kwa msiba. Je, nyumba yako inaruhusu jirani atangulie? Jibu NDIYO.* Ilikuwa Zamu. Ni sisi tulioiandika ile pole. Mimi na wewe, tukibishana kama iandikwe "pole" au "poleni".

Kidole kilikuwa pale, Dada. Herufi tano. Na mama alikuwa anaangalia maharage yake.

Sikubonyeza. Si kwa sababu mimi ni mtakatifu, unanijua. Ni kwamba jibu lile lingeandikwa kwa jina lako. Siku moja mtu angefungua Ramani akaona utepe wako umemalizika vizuri, kijani, Mwanaidi kajibu, na wewe uko kaburini. Na nyumba nyingine ingefiwa na mwenye simu, na kijivu kingeanza upya, na safari hiyo wangesema imekufa kwa sababu ya nani? Nilikuja kuokoa kazi yako, sikuja kuisemea uongo.

Nikamweleza mama. Yote, na kwa Kishambaa, ambacho ukiwa unazungumzia kompyuta kinakataa kila neno la pili. Nikamwambia anayekutafuta kila asubuhi si mtu, ni ile mashine yetu, na kwamba majirani hawana maji kwa sababu inakusubiri. Nikamwambia pia kwamba nikiitengeneza, simu haitalia tena asubuhi. Hilo nililisema mwisho, na nilitamani anipige.

Aliweka ungo chini. Akauliza, "Kwa hiyo watu wamekauka kwa ajili ya mwanangu?" Nikasema hapana mama, ni kwa ajili yetu tulioiandika vibaya. Akatikisa kichwa, wala hakuwa ananisikiliza. Akanyanyuka, akanawa mikono, akajitanda kanga vizuri kama anayekwenda mbele za watu. Akasema, "Mwanaidi hakumnyima mtu maji akiwa hai. Hawezi kuanza sasa. Waambie mimi mfiwa nimesema, watangulie."

Hilo ndilo neno tulilokuwa tunalisubiri. Lilitoka mdomoni, uani, kwa mwenye haki ya kulisema. Nikashukuru, sikuweza kumaliza ile shukrani, akanipa maharage nimsaidie kuchambua mpaka nikatulia.

Nikaandika marekebisho palepale kwenye kigoda, kompyuta mapajani, kuku wakinipita miguuni. Nilitaka sana uyaone. Sikumwekea mfiwa saa. Mzee Kaniki alikuwa sahihi, mfiwa hawekewi saa. Niliiwekea saa mashine. Ikiuliza isipojibiwa, inauliza mtu wa pili wa nyumba ile. Asipojibu naye, inaacha kabisa kupiga hodi kwa meseji, na inamtumia mjumbe wa kamati ujumbe: nenda kwa miguu yako, waamkie, kaa nao, uliza kwa mdomo, uje useme ulichoambiwa. Na mfereji ule unasubiri peke yake, haushiki mingine. Ndivyo ingekuwa tangu mwanzo kama ule ukumbi ungetuacha tumalizie sentensi. Lakini hata sisi tungeweza kuinua mkono mara ya pili, kwa hiyo ngoma droo.

Ijumaa ilijaa. Walikuja hata wale walioshikana mashati, wakakaa pembe mbili. Nikaomba shuka jeupe, nikalitundika ukutani, nikawasha ile projekta ya kuazima, nikawaonyesha Ramani. Sikutoa hotuba. Niliwaambia kila utepe ni nyumba, kijani anamwagilia, kijivu anangoja. Dakika chache tu na walikuwa wanaisoma kuliko mimi. "Huyu ni mimi," mmoja alisema, "ona, siku ile nilichelewa." Watu wa mifereji, Dada. Wamezoea kutazama mlima na kusema maji yamekwama kwa nani. Yule wa bondeni, aliyekuwa anawatuhumu wa juu kwa wizi, alisogea mpaka kwenye shuka, akafuata mishale kwa kidole kama nilivyofanya mimi. Akafika chini, akageuka.

"Na huu wa chini kabisa, usiokwisha, ni wa nani?"

Nikasema, "Ni wa Mwanaidi. Ilikuwa inamsubiri ajibu."

Mzee Kaniki akavua kofia. Nikawaeleza kosa lilivyo, kwamba ni letu, na mkutano ule ulivyochangia, na nikawaeleza nilivyolirekebisha. Nikafikisha neno la mama yako kama alivyolisema, nikimtazama mzee usoni kwa sababu nilikuwa bado nina hasira naye. Alichukua muda kung'oa neno lake. Kisha akasema Zamu haiondolewi, na kuhusu yule wa kwenda kwa miguu kwenye nyumba za wafiwa, wasimtafute mtu mwingine, yeye mwenyewe atakwenda. Nikamwomba radhi kwa ile simu. Akasema, "Simu ipi?" Mzee yule, sijui kama alisahau au alinisamehe.

Nikaiwasha mbele yao. Nikaandika neno la mfiwa, kwa jina la mama, na Ramani ikiwa wazi ukutani. Utepe wako, Dada. Ukawa kijani kidogo sana, kama upana wa ukucha. Halafu ukaisha. Ulikuwa na mwisho, hatimaye, kama tepe zote. Kisha baba yako mdogo akawa kijani, na shangazi, na binamu, na majirani chini yao, kijani kikishuka nyumba kwa nyumba kwenye shuka la watu, na simu zikaanza kulia ukumbini, huku na kule, watu wakipapasa mifukoni na kwenye pindo za kanga, wakicheka na kulia pamoja. Yule wa bondeni alijibu NDIYO kabla hajakaa, akatoka mbio na jembe.

Nilipita kaburini kwako jioni ile. Nilirusha udongo wangu. Kidogo tu, hakuna aliyeona, na kama ni makosa kwenu, basi Mungu wetu sote ameshajua nilivyo.

Nikalala kwa mama. Asubuhi nilikuwa macho kabla yake, na nikamsikia akiamka, akikaa kitandani, asifanye chochote. Nilijua anafanya nini. Saa ilifika. Simu ndani ya kanga haikulia. Akakaa kidogo tena, halafu akaenda kuwasha moto. Dada, kazi yangu yote ilikuwa imefanikiwa, na nilijiona kama mwizi.

Basi sikiliza ahadi yangu, kisha nikuache upumzike. Kazi nitaiendeleza. Watu wa Bungu wameshaniita wanataka Zamu yao, nami nitakwenda, nitawauliza habari za misiba yao kabla ya kuuliza habari za mifereji, na watakaponuna nitainua mkono mara ya pili. Ramani itakuwa wazi siku zote. Kiti chako nakikalia, na wa kukikalia baada yangu nitamfundisha kutazama nani kasimama mlangoni.

Na ile simu nilimwachia mama, na chaji yake na kanga yake. Jana, nikiwa nimesharudi Lushoto, asubuhi saa ileile, kabla sijafungua kompyuta, nikapiga namba yako. Sikutuma meseji, nilipiga. Ililia sana. Nikamwona akilini akiwa ameshikwa na butwaa na kijinga cha moto mkononi. Nikaiacha ilie. Nilikuwa tayari kuiacha ilie mpaka jua liwake, kikomo sikuweka.

Akapokea. Nilisikia anavyopumua.

Nikasema, "Shikamoo, mama."

Nikasubiri.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Umekula?"

Leo asubuhi nimepiga tena. Kesho pia. Lala salama, Dada.

Mdogo wako,
Janeth